Ndege haingoji dunia izunguke

Barazani kwetu Mombasa, kahawa chungu ikizunguka mara ya pili, huzuka hoja ya zamani: dunia huzunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege iendayo magharibi hufika upesi, maana mji wenyewe unaijia.

Hali ni kinyume. London na New York zimetengana kwa takriban kilomita 5,540. Kwenda New York huchukua karibu saa nane. Kurudi, karibu saa saba.

Ni kweli, hapa karibu na ikweta ardhi huenda kama kilomita 1,660 kwa saa. Lakini hewa nayo imo safarini. Panda feri ya Likoni, rusha sarafu juu katikati ya kivuko: itakurudia kiganjani, si majini (labda usukumwe na mkokoteni). Kunguru naye akiruka mwembeni huukuta mwembe palepale. Ingekuwa wasemavyo barazani, sekunde moja tu hewani ingemwacha nyuma zaidi ya mita 450.

Kinacholeta tofauti ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, juu ya Atlantiki ya kaskazini, huvuma mkondo mkali utokao magharibi. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56.

Mzunguko wa dunia una mkono wake, ila kwa mlango wa nyuma: ndio unaoupinda upepo uendao kaskazini, ukageuka kuelekea mashariki.