Ruzuku ya kampuni kwa kazi ya teknolojia yenye manufaa ya jamii ni nini?

Mkulima wa Mbozi au wa Uyole anaposikia neno ruzuku, kinachomjia kwanza ni mfuko wa mbolea. Ana sababu nzuri, kwa kuwa mpango wa mbolea ya ruzuku ulizinduliwa hapa hapa Mbeya, katika viwanja vya John Mwakangale, wakati wa Nane Nane ya mwaka 2022, na tangu hapo neno hilo limezoeleka kwa maana ya bei ambayo sehemu yake imelipwa na Serikali. Kwa hiyo kijana anayerudi kijijini na habari kwamba asasi yao imepata ruzuku kutoka kampuni ya teknolojia huulizwa na wazee ni bidhaa gani imeshuka bei. Swali hilo ni la haki, na linastahili kujibiwa kwa utulivu.

Ruzuku ni neno la ukoo mmoja na riziki. Kumruzuku mtu ni kumpa cha kumwezesha kuishi. Katika kazi za asasi za kiraia, ruzuku ni fedha, au kitu chenye thamani ya fedha, ambacho mfadhili hukitoa ili asasi itekeleze jambo lililokubaliwa, pasipo kudai kirejeshwe na pasipo kupata umiliki wowote ndani ya asasi hiyo. Kutorejeshwa ndiko kunakoitofautisha na mkopo, na kukosa umiliki ndiko kunakoitofautisha na mtaji wa hisa. Haifanani na sadaka pia, maana mtoa sadaka haulizi ilivyotumika, ilhali ruzuku hutanguliwa na andiko la mradi, hufungwa kwa mkataba, hutolewa kwa awamu, na kila awamu husubiri taarifa ya ile iliyotangulia.

Mfadhili anapokuwa kampuni, hutoa sehemu ya faida yake moja kwa moja au kupitia taasisi aliyoiunda kwa kazi hiyo. Salesforce, kampuni ya programu za kompyuta ya Marekani, tangu ilipoanzishwa mwaka 1999, ilijiwekea utaratibu wa kutenga asilimia 1 ya hisa zake, asilimia 1 ya bidhaa zake na asilimia 1 ya muda wa wafanyakazi wake kwa ajili ya jamii. Google nayo ina Google.org, tawi lake la ufadhili. Utaratibu wa Salesforce unaonyesha jambo ambalo asasi zetu nyingi hulisahau, kwamba ruzuku inaweza kuja kama leseni za programu, nafasi kwenye seva (kompyuta inayohifadhi mfumo na taarifa zake) au saa za mhandisi, hata kama hakuna shilingi iliyoingia benki. Kwa maoni yangu, cha thamani zaidi kati ya hivyo ni saa za mhandisi, mradi akubali kuketi na watu watakaoutumia mfumo wake. Nafasi ya seva ya bure inahitaji uangalifu, kwa sababu huwa na tarehe ya kuisha, na baada ya tarehe hiyo ankara huanza kuja.

Asasi kumiliki kompyuta na ukurasa wa intaneti hakuifanyi kazi yake kuwa kazi ya teknolojia. Maana hiyo inatimia pale teknolojia yenyewe inapobeba huduma, kiasi kwamba ukiiondoa, huduma inasimama. Mfano ulio karibu nasi ni mfumo wa m-mama, uliojengwa kwa ufadhili wa Vodafone Foundation, taasisi ya ufadhili ya kampuni ya simu ya Vodafone, pamoja na wadau wengine, ukajaribiwa Kanda ya Ziwa, kisha ukasambazwa nchi nzima kwa ushirikiano na Serikali. Mjamzito aliyepata dharura, au jirani yake, hupiga 115 bila malipo. Mpokeaji wa simu hufuata maswali yaliyo kwenye mfumo ili kupima uzito wa dharura. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama kituoni. Hakuna chombo cha ajabu hapo. Kilichobadilika ni kwamba dereva ana uhakika wa malipo hata usiku wa manane, na familia haianzi kuchangishana nauli huku mama anavuja damu.

Sasa tulitazame jambo lenyewe kwenye karatasi ya bajeti. Tuchukue asasi ndogo ya wakulima wa viazi huko Umalila inayotaka kuwatahadharisha wanachama wake kuhusu ugonjwa wa ukungu unaounguza majani, ambao hupenda mvua na baridi ya kwetu. Wengi wao wana simu za kitochi, hivyo tahadhari itakwenda kwa ujumbe mfupi. Mstari wa kwanza wa bajeti ni malipo ya mtengenezaji wa programu, wa pili ni namba fupi ya mitandao ya simu, yaani ile ya tarakimu chache ambayo ujumbe hutumwa kwayo, wa tatu ni gharama ya kila ujumbe, na wa mwisho ni mafuta ya pikipiki ya afisa ugani anayepanda mlimani kipindi cha mvua kuthibitisha kwamba ugonjwa uliotajwa ndio uliopo shambani. Wafadhili wa kampuni hupenda mstari wa kwanza, kwa kuwa unazaa kitu cha kuonyesha, na husita kwenye ule wa mwisho kwa kuwa unafanana na matumizi ya kawaida ya ofisi. Lakini mkulima hununua dawa kwa fedha yake, na ujumbe utakaomdanganya mara moja hatausoma tena. Mafuta ya pikipiki ni sehemu ya teknolojia hiyo, na andiko la mradi linapaswa kulisema hivyo bila haya.

Niliwahi kuingia ofisi ya asasi moja mkoani Iringa nikakuta vishikwambi vimepangwa kabatini, vingine bado vina karatasi ya plastiki usoni. Ruzuku ilikuwa imekwisha. Mfumo ulikuwa umesajiliwa kwa barua pepe ya mkandarasi na kulipiwa kwa kadi yake, na yeye alikuwa hapokei simu tena. Majina ya wanakikundi, namba zao na vipimo vya mashamba yao vilibaki humo, na dada wa masijala alikuwa amerudi kwenye daftari kubwa, akiandika upya jina moja baada ya jingine kwa kuwauliza watu siku ya soko. Niliumia, kwa sababu kazi ile ilikuwa njema na fedha ilikuwa imetumika kihalali.

Taarifa hizo si mali ya asasi kuzigawa itakavyo, wala si shukrani ya kumpa mfadhili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali analojulishwa. Kampuni inaweza kuwa na nia safi na bado ikavutiwa na orodha ya wateja watarajiwa, au ikataka asasi itumie bidhaa zake pekee. Maslahi hayo hayaiharibu ruzuku yakiandikwa wazi na kukubaliwa na pande zote mbili.

Kwa hiyo, asasi inapojadiliana kuhusu ruzuku ya aina hii, itaje katika mkataba ni nani atakayelipa seva na namba fupi mwezi wa kwanza baada ya fedha kuisha, na iseme kwamba akaunti za mfumo, neno la siri na nakala ya taarifa vitakuwa kwa jina la asasi tangu siku ya kwanza. Mfadhili makini hatachukia kuombwa hivyo, na wengine huwa tayari kuongeza fedha ya mpito ya miezi kadhaa wakiiona imepigiwa hesabu.