Nani atamshika kamba? Kabla sijakupa Jemani Shepadi

Mi napokea mbwa walioshindikana nawatafutia nyumba nyingine, na Shepadi wengi wanaoletwa kwangu hapa Mwanza stori zao zinafanana. Bosi kajenga Buswelu au Bwiru, kaambiwa mbwa wa ulinzi ni huyu, kanunua kitoto kizuri masikio hata hayajasimama, mwaka haujaisha limeshakuwa jibwa la kilo 30 na kitu linaruka geti na limeshamng'ata dada wa kazi, basi linafungiwa bandani kutwa nzima mpaka siku napigiwa simu, njoo umchukue la sivyo tunamuua.

Jamani, huyu mbwa ana asili yake. Max von Stephanitz aliyeianzisha mbegu hii Ujerumani mwaka 1899 alitaka mbwa wa kuchunga kondoo, yaani wa kutembea siku nzima huku anamsoma mchungaji anataka nini. Ukimnyima kazi na ukamnyima mtu, ile akili inamla mwenyewe. Anazunguka banda mpaka chini panachimbika njia, anakimbiza mkia wake, anabweka mpaka sauti inakauka. Akishanizoea namfunua mdomo naangalia machonge kwa nyuma, maana mbwa aliyekuwa anatafuna nondo za banda machonge yake yanasagika upande huo kama yamepigwa tupa, na hapo hata mwenye mbwa aniapie kwamba alikuwa anafunguliwa kila siku, nimeshajua.

Na wale wanaosema akifungiwa anakuwa mkali ndo analinda vizuri, hapana kabisa. Huyo ana woga. Hajawahi kuona mgeni anaingia kwa amani, atajuaje tofauti ya mwizi na fundi bomba au mtoto wa jirani aliyefuata mpira?

Akifika kwangu ni chanjo ya kichaa cha mbwa kama kadi haionekani, dawa ya minyoo na kupe, anakaa peke yake kwanza, halafu anahasiwa. Kupe msiwachukulie poa, wanaleta homa inayomaliza damu, ukiona fizi zimekuwa nyeupe kimbia kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Sasa kumtafutia nyumba. Watu wanadhani naangalia ukuta na hela ya nyama, mi nauliza nani atamshika kamba. Bosi anatoka asubuhi anarudi usiku, anayeishi na mbwa ni mlinzi au kijana wa kazi, na huyo ndo hajaulizwa kitu! Namtaka aje mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, atembee naye, ampe chakula kwa mkono wake. Mlinzi mmoja wa Nyegezi alinivuta pembeni akaniambia, "Kaka, huyu namwogopa, ila bosi kashasema." Nikakataa kumtoa mbwa. Bosi alikasirika sana, na kweli nyumba yake ilikuwa na kila kitu, lakini yule mbwa angerudi bandani ndani ya wiki. Kijana mwingine ni Muislamu, mate ya mbwa yanampa shida kwenye swala, hilo naliheshimu na ni bora nilijue mapema kuliko mbwa akae hashikwi na mtu.

Chakula, ugali wa dona na dagaa unatosha kuanzia, au mapanki, yaani mabaki ya sangara yakishatolewa minofu, ukichemsha ukatoa miba yote, ila gawa mara mbili kwa siku, maana hawa wenye kifua kirefu wakila sahani moja kubwa halafu wakakimbia tumbo linaweza kujaa gesi likajipinda, na hiyo inaua ndani ya masaa. Mchuzi wenye vitunguu usimpe. Mtembeze alfajiri kabla miamba na lami havijapata moto, na ziwani msiende kuogeshana, kichocho utakipata wewe unayesimama majini.

Mpe kama miezi mitatu atulie. Ikishindikana anarudi kwangu, humpi mtu mwingine wala humfungulii barabarani, na hilo tunaandikishana kabla hajatoka: anasaini bosi, na anasaini yule anayeshika kamba.