Mzunguko wa chaji: namna ya kuijua bei ya kweli ya betri

Ami yangu wa Fuoni, Unguja, alinunua vespa ya umeme, mpya kabisa. Mwaka haujatimia akaanza kulalamika: "Chaji haikai." Asubuhi inaonyesha imejaa, akifika Darajani imeshuka nusu, na safari ya kurudi huwa ya kuomba dua. Nilipofungua chini ya kiti nilikuta betri tano za risasi, yaani za madini ya risasi na tindikali kama za gari, zimeungwa kwa waya, vichwa vimeota unga wa kijani. Muuzaji alimtajia bei ya chombo na mwendo wake. Hakumtajia mizunguko, na humo ndimo pesa yake ilimopotelea.

Mzunguko mmoja wa chaji ni kutumia umeme unaolingana na ujazo mzima wa betri. Wengi hudhani kila ukichomeka waya umehesabiwa mzunguko. Sivyo. Ukitumia nusu leo ukajaza, kesho ukatumia nusu nyengine, hizo siku mbili ni mzunguko mmoja. Kila betri ina idadi yake ya mizunguko kabla ya kuchoka, na mafundi huihesabu kuwa imechoka pale inapobakisha kiasi cha asilimia 80 ya ujazo wa mwanzo. Betri ya risasi ikitumika kwa kumalizwa hudumu mizunguko kama 300 hadi 500. Ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti hupita 2,000.

Sasa tupige hesabu kwa uniti, zile zile tunazonunua za TUKUZA, umeme wa kulipia kabla wa Zanzibar. Pikipiki ya umeme hula uniti 3 hadi 4 kwa kilomita 100. Chukua betri ya lithiamu yenye ujazo wa uniti 3: mizunguko 2,000 ni uniti 6,000 zitakazopita ndani yake mpaka ichoke. Ya risasi yenye ujazo huo huo, kwa mizunguko 400, ni uniti 1,200 tu. Kwa hiyo hata ukiuziwa ya lithiamu kwa bei mara tatu ya risasi, wewe ndiye uliyefaidika. Bodaboda anayekwenda kilomita 120 kwa siku anamaliza mzunguko mmoja na nusu kila siku. Risasi itamfia kwenye mwezi wa tisa. Lithiamu itamfikisha karibu miaka minne.

Tabu ni kwamba pesa ya miaka minne inatakiwa leo. Bei imeshuka sana, hilo ni kweli. Mwaka 2010 betri ya lithiamu iligharimu wastani wa zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti moja ya ujazo. Mwaka 2024 wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Sababu moja ni hiyo aina ya chuma na fosfeti, ambayo haihitaji kobalti ya Kongo. Lakini dola 115 si bei ya dukani Unguja. Betri nyingi hutengenezwa China, na lithiamu husafirishwa kama mzigo wa hatari, kwa masharti na gharama zake, kabla haijashushwa bandarini Malindi hapa Unguja, sembuse kuvushwa tena kwenda Pemba.

Ndiyo maana kukazuka biashara ya kubadilishana betri. Kigali, kampuni ya Ampersand imekuwa ikiifanya tangu 2019: dereva ana pikipiki, betri ni ya kampuni. Ikiisha anaingia kituoni, anatoa iliyokufa, anapewa iliyojaa, analipa, anaondoka. Ni sawa na kununua mchele kwa pishi badala ya polo zima: ananunua mizunguko kidogo kidogo, na uchakavu wa betri unabaki kwa mwenye kituo. Kwa visiwa vinavyopata umeme kwa waya wa chini ya bahari hili naliona zito. Tuliokaa gizani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009, tunajua waya huo ukikatika inakuwaje. Kituo chenye akiba ya betri zilizojaa kinaweza kuwavusha madereva saa za kukatika kwa umeme. Miezi mitatu hakiwezi.

Mizunguko pia hupunguzwa na mtumiaji mwenyewe. Joto ndilo adui mkubwa: betri iliyojaa pomoni kisha ikaachwa juani mchana kutwa huchoka kabla ya wakati wake. Egesha kivulini, na usiizoeze kufika sifuri.

Ami ameamua kuzitoa zile za risasi. Safari hii kabla ya kutoa pesa alimuuliza fundi, "Mizunguko mingapi?", akaonyeshwa karatasi ya kiwanda. Fundi alimsisitizia pia anunue chaja nyengine, kwa sababu chaja ya risasi haimfai mwenye lithiamu.