Stadi za awali za sayansi ni zipi, na mtoto wa chekechea anazipataje?

Stadi za awali za sayansi ni uwezo wa mtoto kutazama kitu kwa makini, kukilinganisha na kingine, kuvipanga kwa makundi, kubashiri kitakachotokea, kujaribu, kisha kueleza alichokiona kwa maneno yake. Kukariri peke yake hakumo. Mtoto anaweza kuimba "mizizi, shina, majani" akapigiwa makofi, na bado hajawahi kung'oa hata mche mmoja akaishika mizizi yake.

Huku Mtwara vifaa tunavyo uani. Msimu wa korosho, jaza beseni maji, leta korosho zenye ganda, uchanganye zilizokomaa na zilizosinyaa. Kabla ya kutumbukiza hata moja, waulize watoto: itazama au itaelea? Subiri kila mmoja aseme. Kusubiri huku ndiko kugumu kwetu watu wazima, maana jibu linatuwasha ulimini.

Mtoto atakwambia, "Hii imeelea kwa sababu ndogo." Usimsahihishe. Mtafutie kubwa inayoelea, umwulize, "Na hii je?" Ataiweka kiganjani, ataipima na nyingine, ataitikisa sikioni. Huenda akasema, "Nyepesi, ndani hamna kitu." Hapo ameacha wazo lake la kwanza kwa sababu ya alichokiona, na amefanya jaribio lilelile ambalo wakulima hulitumia kuchagua mbegu: zinazozama hupandwa, zinazoelea huachwa. (Wasizivunje wala kuzing'ata, mafuta ya ganda huunguza ngozi.)

Bibo, lile tunda la mkorosho, nalo lina swali lake: mbona mbegu imening'inia nje? Mtoto aliyezoea embe na papai atalishangaa, na huko ndiko kulinganisha.

Yapo makosa ambayo ni ya umri. Jean Piaget (1896–1980), mwanasaikolojia wa Uswisi, alionyesha kwamba ukimimina maji ya glasi pana kwenye glasi nyembamba, mtoto wa chini ya miaka saba hivi mara nyingi husema yameongezeka. Anatazama kimo tu. Kumgombeza hakusaidii kitu. Mpe vifuu na vikopo amimine na kurudisha hadi achoke.

Kwa walio pwani, kama Mikindani au Lindi mjini, jaribuni hili. Maji yakiwa yanajaa, chomekeni kijiti pale yalipofikia saa nne asubuhi. Kesho yake, saa nne ileile, mtakuta kwa kawaida hayajakifikia, kwa kuwa kila siku hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50. Watoto hawatajua hilo. Mmoja atasema kuna mtu amekisogeza kijiti. Mwulize yeye: tutajuaje kama ni kweli?