Tiba ya mzizi wa jino: maswali wanayouliza wagonjwa kabla ya kukaa kwenye kiti

Jino linaniuma. Kwa nini lising'olewe tu yaishe?

Kwa sababu jino la ukubwani likishatoka halirudi, na pengo lina madhara yake. Meno ya jirani huanza kulalia upande wa pengo, jino la upande wa pili hushuka au kupanda kwa kukosa mwenzake wa kukutana naye, na ulaji wote huhamia shavu moja. Kuweka jino la bandia la kudumu mara nyingi ni ghali kuliko kulitibu lililopo. Tiba ya mzizi huondoa kilichooza ndani ya jino, jino lenyewe likabaki mahali pake likitafuna.

Si kila jino huokoleka, lakini. Lililopasuka wima hadi kwenye mzizi, lililooza chini ya ufizi hadi hakuna pa kushikiza kizibo, au linalotikisika sana kwa kuwa mfupa wake umeliwa na ugonjwa wa fizi, hilo ling'olewe. Mwombe daktari akuonyeshe kwenye picha ya eksirei sababu ya ushauri wake. Ni haki yako, na daktari mzuri hufurahi kuulizwa.

Kinachouma hasa ni nini?

Ndani ya kila jino kuna kiini: nyama laini yenye mishipa ya damu na neva, inayopita kwenye mifereji myembamba hadi ncha ya mzizi. Tundu likikifikia, bakteria huingia na kiini huvimba. Kidole kikivimba kina nafasi ya kutanuka. Kiini kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, basi shinikizo hupanda na neva hubanwa. Ndiyo maana jino huzidi kuuma usiku ukilala, na ndiyo maana chai ya moto huacha maumivu yanayodumu muda mrefu baada ya kuimeza.

Liliuma wiki nzima, sasa limenyamaza. Si nimepona?

Hujapona, na swali hili ndilo ningependa kila mtu alijue jibu lake. Jino lililokuwa likikukesha kisha likanyamaza ghafla bila tiba, mara nyingi kiini chake kimekufa. Neva iliyokufa haipigi kelele. Bakteria wao wanaendelea: wanashuka kwenye mifereji, wanatokea kwenye ncha ya mzizi na kuanza kuharibu mfupa wa taya. Unaweza kuona kipele kwenye ufizi kinachotoa usaha, kinakauka, kinajaa tena. Unaweza pia usione chochote kwa miezi mingi hadi siku shavu linapovimba. Wengi huja kliniki siku hiyo, wakati jino lingeweza kushughulikiwa mapema na kwa urahisi zaidi.

Nimekunywa amoksilini kutoka duka la dawa. Haitoshi?

Antibiotiki hufika zinakokwenda kwa njia ya damu, na kiini kilichokufa hakina damu inayopita. Dawa inazunguka mwili mzima, lakini ndani ya mfereji haiingii. Ina kazi pale uambukizo unapotoka nje ya jino: uso unavimba, una homa, tezi za shingo zimejaa. Hata hapo chanzo lazima kiondolewe. Kwa maumivu ya kiini kilichovimba tu, antibiotiki haisaidii, na kuimeza kila jino linapouma kunawapa bakteria nafasi ya kuizoea.

Cha kutuliza maumivu ukisubiri miadi ni ibuprofeni au parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito aachane na ibuprofeni. Usiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi. Ni asidi, kinaunguza nyama na kukuongezea kidonda.

Na karafuu? Bibi aliyekupa hakukosea. Mafuta yake yana ejenoli, inayotia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wenyewe huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda. Harufu ile unayoisikia ukiingia kliniki nyingi ni ya karafuu kweli. Ila inatuliza tu, uozo unabaki palepale.

Nikikaa kwenye kiti, nini kinafuata?

Kwanza picha ya eksirei, ili daktari aone umbo la mizizi na hali ya mfupa. Kisha sindano ya ganzi. Jino likishakufa ganzi, huzungushiwa karatasi ya mpira iliyotobolewa, jino likachungulia peke yake. Watu wengine huiogopa, lakini ni ulinzi wako: inazuia mate yenye bakteria yasiingie kwenye mfereji, na inazuia dawa au kifaa kidogo kisiangukie kooni. Unapumua kwa pua kama kawaida. Kliniki isiyoitumia, uliza kwa nini.

Baada ya hapo daktari hutoboa juu ya jino hadi kwenye kiini, kisha hutafuta mifereji. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mfereji mmoja. Magego ya chini mara nyingi yana mitatu, na gego la kwanza la juu huwa na mitatu au minne, wa nne ukiwa mwembamba na umejificha. Mfereji ulioachwa bila kusafishwa ni sababu mojawapo kubwa ya tiba kushindwa, kwa hiyo ukiona daktari anachukua muda mrefu akichungulia na kupapasa, mwache afanye kazi yake.

Mifereji husafishwa kwa vijitupa vyembamba mno, vya mkono au vya mashine. Urefu hupimwa kwa kifaa chenye waya mmoja unaoning'inizwa mdomoni. Kinatoa mlio daktari anapokaribia ncha ya mzizi. Katikati ya kazi mifereji huoshwa tena na tena kwa hipokloriti ya sodiamu, kemikali ileile iliyomo kwenye jiki ya kufulia, hivyo usishangae harufu. Mwisho mifereji iliyokauka hujazwa gutapacha, utomvu wa miti ya kusini-mashariki mwa Asia, pamoja na simenti ya kuziba, ili bakteria wasipate pa kurudi.

Kila ziara huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Kinachochosha zaidi ni kukaa mdomo wazi.

Inauma?

Sifa mbaya ya tiba hii inatokana zaidi na maumivu ambayo watu huja nayo. Ganzi ikishika, utasikia mtetemo na msukumo, usisikie maumivu. Ukweli wa pili usemwe pia: gego la chini lililovimba sana ni gumu kulitia ganzi, na pengine sindano moja haitoshi. Mkubaliane na daktari ishara kabla ya kuanza, kwa mfano kuinua mkono wa kushoto. Ukisikia maumivu, inua, ataongeza ganzi. Hakuna sababu ya kuvumilia kimya.

Ganzi ikiisha, jino linaweza kuwa na maumivu ukiling'atia kwa siku 2 au 3. Hayo yanapungua siku hadi siku. Yakizidi badala ya kupungua, rudi.

Ziara ya kwanza imenitoa maumivu yote. Lazima nirudi?

Lazima. Jino lenye usaha mara nyingi huwekwa dawa ya hidroksidi ya kalsiamu ndani, likafungwa kwa kizibo cha muda, ukapewa miadi ya wiki 1 au 2. Kizibo hicho hakikutengenezwa kudumu. Kikilegea au kudondoka, mate huingia, bakteria hurudi, na kazi yote inaanza upya kwenye jino ambalo sasa limedhoofika. Nauli, foleni, kuomba ruhusa kazini, yote hayo nayaelewa. Kama unajua hutaweza kurudi karibuni, mwambie daktari kabla hajaanza. Meno mengine yanaweza kumalizwa kwa ziara moja.

Kumaliza ni pamoja na kufunika. Gego lililotobolewa katikati linabaki na kuta nyembamba, na siku moja punje ya mchele yenye jiwe inalipasua. Kwa magego, kofia ya jino iwekwe ndani ya wiki chache. Jino la mbele lililobaki na kuta imara linaweza kutosheka na kizibo cha kudumu peke yake.

Gharama je?

Meno yenye mifereji mingi hugharimu zaidi, na kofia huhesabiwa peke yake. Uliza bei ya jumla tangu picha ya kwanza hadi kofia, na kama unaweza kulipa kwa awamu. Mwenye bima aulize mapema: bima inaweza kulipia kung'oa na kuziba, ikakataa kofia, au ikataka kibali kabla ya kazi. Ukipata bei kubwa kwingine, hospitali zinazofundisha madaktari wa meno, mfano Muhimbili jijini Dar es Salaam na ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, zinafaa kuulizia pia.

Nimesikia jino lililotibiwa mzizi huleta saratani.

Fununu hiyo imetoka mbali. Weston Price, daktari wa meno wa Marekani, alidai katika miaka ya 1920 kwamba meno haya husababisha magonjwa mwilini. Majaribio yake yalipokaguliwa yalikutwa na kasoro, na watafiti waliomfuatia hawakupata matokeo hayo. Uambukizo ulioachwa ndani ya taya ndio wa kuogopa.

Nina mimba. Nina kisukari. Natumia dawa za kuyeyusha damu.

Mwambie daktari yote haya kabla ya sindano. Mjamzito hutibiwa, miezi ya 4 hadi 6 ikiwa ndiyo wakati rahisi zaidi, lakini uambukizo hausubiri kalenda. Picha ya jino moja ina mionzi kidogo sana. Mwenye kisukari ale na atumie dawa zake kama kawaida kabla ya kuja. Anayetumia warfarini asiiache kwa hiari yake. Tiba ya mzizi humtoa damu kidogo kuliko kung'oa, na hiyo ni sababu nyingine ya kuliokoa jino.

Lini nisisubiri asubuhi?

Uvimbe ukishuka shingoni au chini ya ulimi, ukipanda hadi jicho likafumba, ukishindwa kumeza mate, kufungua mdomo au kupumua vizuri, au homa ikiwa kali pamoja na uvimbe: nenda hospitali kubwa usiku huohuo, siyo kliniki ya meno na siyo duka la dawa. Uvimbe wa aina hiyo unaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache.