Hostingi ya bure: maana yake, inakufaa wapi na inakuacha wapi

Kuna swali naulizwa sana hapa Dodoma, hasa na vijana wa chuo na wenye biashara ndogo ndogo: "kaka, hostingi za bure zimejaa mtandaoni, sasa kwanini nilipie?" Ni swali la haki kabisa, ila kabla ya kujibu inabidi tuelewane hostingi ni kitu gani, maana watu wengi wanachanganya mambo matatu wanayaita websaiti.

Websaiti yenyewe ni mafaili tu. Maandishi, picha, na kodi (maelekezo ya kompyuta) inayopanga hiki kikae juu kile kikae chini. Hayo mafaili lazima yakae kwenye kompyuta ambayo haizimwi usiku na mchana na ina intaneti muda wote, hiyo ndo seva. Laptop yako ya nyumbani Nkuhungu ingeweza kufanya hiyo kazi, lakini umeme ukikatika au bando likiisha basi na websaiti imelala. Kwa hiyo unapewa nafasi kwenye seva ya mtu mwingine, na hiyo huduma ya kukuwekea mafaili yako ndo hostingi. Halafu kuna domeini, yaani jina ambalo mtu anaandika ili akufikie, lile linaloishia na .co.tz au .com. Chukulia kizimba pale soko la Majengo: mzigo wako wa vitunguu ni mafaili, kizimba ni hostingi, jina ambalo wateja wanakujua nalo ni domeini. Ukihama kizimba unabeba mzigo wako na wateja wanakuulizia kwa jina. Hilo jina tutalirudia baadae.

Hostingi ya bure basi ni kizimba ambacho hulipii kodi. Mwenye soko anafaidikaje? Wengine wanaweka matangazo yao juu ya ukurasa wako. Wengine wanakupa kanafasi kadogo ili siku ukikua ulipie kifurushi kikubwa, hii ndo biashara yenyewe hasa. Na wapo wanaofaidika na taarifa zako na za wageni wako.

Faida zipo na mimi sitaki mtu azidharau. Mimi nimejifunzia kwenye bure. Mwanafunzi wa UDOM anayejifunza kutengeneza kurasa hana sababu ya kutafuta kadi ya kulipia kwa dola kila mwezi ili tu aone kazi yake inafunguka kwenye simu ya rafiki yake. Chukua GitHub Pages, ipo tangu 2008, bure, inakupa websaiti hadi GB 1 na matumizi ya kama GB 100 kwa mwezi. Piga hesabu: ukurasa wako ukiwa na uzito wa MB 2, hiyo GB 100 ni watu kufungua mara elfu 50 kwa mwezi, kwaya yako haifiki huko, duka lako la Kisasa pia halifiki. Unapata na kile kikufuli cha usalama bila kulipa, kitu ambacho zamani kilikuwa kinauzwa hela ya maana. Sharti lake ni kwamba inabeba kurasa tulivu tu, yaani zisizo na databesi (ghala la taarifa zinazobadilika) nyuma yake, na masharti yao yanakataza kabisa kuifanya ndo duka lako la kuuzia vitu mtandaoni. Watu hawasomi hayo masharti, someni jamani.

Kama unataka WordPress yako mwenyewe, ile programu ya kuendeshea websaiti, na databesi, utaangukia kwenye hostingi za bure za aina nyingine na hapo ndo mambo yanabana. Seva moja mnarundikwa watu wengi, ukipata wageni wengi kidogo kwa siku wanakufungia mpaka kesho, hakuna mtu wa kumpigia simu, na usipoingia kwenye akaunti kwa muda flani wanaifuta. Jina nalo unapewa refu lenye jina lao ndani yake, mteja akilisikia redioni hawezi kulikumbuka. Na matangazo. Nilitengeneza ukurasa wa kwaya moja ya hapa mjini kwenye huduma ya bure, siku ya kuzindua mwalimu wa kwaya akafungua kwenye simu yake mbele ya wazee wa kanisa, juu kabisa kabla ya picha ya kwaya kukawa na tangazo la kubeti, la kijani, linawaka na kuzima. Hakuna aliyesema neno. Mzee mmoja akainamisha tu simu yake taratibu akaiweka mfukoni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini kilichoniuma zaidi ni cha bamdogo. Yeye analima zabibu Hombolo, anauza zabibu yenyewe na mchuzi wake, ule wa kukamuliwa wanaonunua watengeneza mvinyo. Nikamtengenezea websaiti ya bure, nikapandisha picha za shamba toka enzi za babu, na simu niliyopigia zile picha nikaja kuiuza maana niliona picha ziko salama mtandaoni. Miezi ikapita hakuna aliyeingia kwenye akaunti. Agosti ikafika, bamdogo yuko kwenye banda la Nane Nane pale Nzuguni, amechapisha karatasi zenye anwani ya websaiti anawagawia watu, ananipigia: "mwanangu, mbona watu wanasema haifunguki?" Nikafungua mwenyewe, ukurasa mweupe na mstari mmoja wa kingereza kwamba akaunti hii haipo. Niliandika barua pepe tatu. Hakuna jibu mpaka leo. Kwenye zile picha kulikuwa na moja ya babu amesimama kati ya mizabibu ameshika kichala kwa mikono miwili, mwaka uliofuata akafariki, na hatuna nyingine.

Sio kwamba tulipata bahati mbaya peke yetu. GeoCities ilianza 1994, ikawa mji mkubwa wa kurasa za bure duniani, Yahoo wakainunua 1999, na Oktoba 26, 2009 wakaifunga, mamilioni ya kurasa zikaondoka na zilizopona nyingi ziliokolewa na watu wa kujitolea waliokuwa wanakopi usiku na mchana. 000webhost, nayo hostingi ya bure, mwaka 2015 iligundulika imedukuliwa, akaunti zaidi ya milioni 13 zikavuja na maneno ya siri yalikuwa yamehifadhiwa wazi bila kufichwa, kwa hiyo aliyekuwa anatumia neno hilo hilo kwenye barua pepe yake ameumia mara mbili. Heroku, ambayo vijana wa programu walikuwa wanaitegemea sana, iliondoa huduma ya bure Novemba 2022. Hata majina ya bure nayo: yale yaliyoishia na .ga ni mali ya nchi ya Gabon, 2023 Gabon ikaichukua domeini yake kutoka kwa kampuni iliyokuwa inayagawa, na majina mamilioni yakazimwa kwa mpigo.

Umeona inapoelekea. Hela unaiokoa kweli, ila anayeamua lini ufungwe ni mwingine, na huna mkataba wa kumshika nao.

Kuna kitu kingine hakisemwi sana. Ukiweka fomu ya kukusanya majina na namba za simu za wateja kwenye seva ya bure ya huko nje, umeshaingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inagusa mpaka kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Taarifa zikivuja wateja watakuuliza wewe, yule wa seva hata hawamjui. Kwa hiyo zahanati, shule inayotaka kuweka matokeo, saccos, hawa mimi nawaambia moja kwa moja hapana, bure sio mahali penu, lipieni.

Kwa wengine wote, mimi naona jambo la kulipia kwanza ni jina, hostingi baadae. Watu wanafanya kinyume. Domeini ya .co.tz unalipia kwa mwaka, unaisajili kwa jina lako mwenyewe na sio la fundi aliyekutengenezea (hapa watu wanalia sana, fundi akipotea na jina limepotea), halafu unaielekeza kwenye ukurasa wa bure. GitHub Pages inaruhusu hilo bila malipo. Huyo wa bure akifunga kesho, unapeleka mafaili kwa mwingine, unabadilisha mwelekeo wa jina, ndani ya siku moja au mbili umerudi hewani na mteja hajui kama ulihama. Ila mafaili lazima uwe nayo: kopi moja kwenye laptop, moja kwenye flashi iliyokaa mbali na laptop. Na picha zipunguze kabla ya kupandisha, picha ya simu ya MB 4 ukiishusha ikawa KB 200 kwenye kioo cha simu haina tofauti ya kuonekana, unatunza nafasi yako na bando la mgeni wako.

Bamdogo sasa ana jina lake. Ukurasa bado uko kwenye bure, kurasa nne tu, bei ya zabibu, namba ya simu, ramani ya kufika Hombolo na picha za mavuno. Kila nikienda namkopia mafaili yote kwenye flashi, anaiweka kwenye kopo la chai pamoja na hati ya shamba. Mwezi wa tatu mwaka huu alinipigia mwenyewe: "mwanangu ile ya websaiti nimeilipia tena mwaka mzima, lete picha mpya."