Kufunga daunriga kwenye boti ndogo ya mpira: mzigo ukae kwenye mbao, usikae kwenye upepo

Daunriga yenyewe haina maajabu: gurudumu la uzi imara, mkono unaotokeza nje ya boti, kapi kwenye ncha ya mkono, na chubwi, yaani uzito wa madini ya risasi, linaloning'inia chini yake. Mshipi wa kuvulia unabanwa kwa klipu karibu na chubwi, chubwi linashushwa hadi kina unachokitaka, na chambo kinakokotwa huko huko chini wakati boti inakwenda polepole. Samaki akipiga, mshipi unachomoka kwenye klipu, nawe unapambana naye bila uzito wowote katikati. Kwa anayerambaza maji ya kina, sijui njia nyingine inayomweka chambo mahali pamoja kwa uhakika kiasi hicho.

Kasoro ni moja: kifaa hiki kimeundwa kikiamini kwamba chini yake kuna kitu kigumu. Boti ya mpira ya mita 3 hadi 3.6 ina kitu kigumu kimoja tu cha kutegemewa, nacho ni ubao wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, unaobeba injini. Kilichobaki ni upepo uliofungwa ndani ya kitambaa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ununue daunriga ipi, uliza mzigo wake utaishia wapi.

Mkono wa sentimita 60 umekaa juu ya kitako chenye bolti zilizoachana sentimita 10. Mvuto wowote kwenye ncha unazidishwa mara sita ukifika kwenye bolti: kilo 15 za chubwi lililonasa mwambani zinakuwa kilo 90 za kung'oa bolti za upande mmoja. Ndiyo maana siungi mkono vitako vya kubandika juu ya tyubu kwa kazi hii. Gundi nzuri inastahimili sana mvuto wa kuteleza, yaani kitu kikivutwa sambamba na kitambaa, lakini ni dhaifu ikianza kubanduliwa kutoka pembeni. Daunriga inabandua. Vitako hivyo vitumie kwa vishikio vya fimbo, ambavyo mzigo wake ni mdogo, na hakikisha gundi inalingana na kitambaa: PVC inataka gundi ya poliyurethani ya sehemu mbili, Hypalon inataka ya neoprini. Ukizichanganya, kitako kitatoka kizima kizima siku ya jua kali.

Ubao wa kukingama

Wengi hubana daunriga moja kwa moja kwenye ubao wa tezi. Inawezekana, lakini pima kwanza. Tyubu za boti hizi huwa na kipenyo cha sentimita 40 hivi, na ncha zake hupita nyuma ya ubao wa tezi. Mkono mfupi ukielekezwa ubavuni, kapi linaishia juu ya tyubu na uzi unasugua mpira. Ukielekezwa nyuma moja kwa moja, chubwi linashuka jirani na rafadha, yaani propela ya injini. Labda uwe na daunriga moja yenye mkono mrefu, uielekeze mshazari upande ule ambao mpini wa injini haupiti.

Ninachopendekeza ni ubao unaokingama juu ya tyubu zote mbili, sentimita 30 hadi 40 mbele ya ubao wa tezi, ulioshikizwa kwenye ubao huo wa tezi kwa miguu miwili. Tumia plaiwudi ya baharini ya milimita 18, vipande viwili vilivyogandishwa pamoja kwa epoksi, upana wa sentimita 25. Urefu uwe mfupi kuliko upana wa boti kwa sentimita 10, ili usikwaruze gati wala boti nyingine. Viringa pembe zote na upake epoksi mikono mitatu, hasa kwenye kingo, maana maji huingilia hapo.

Miguu ndiyo siri ya ubao huu. Bila miguu, chubwi likivuta kwenda nyuma, ubao mzima unataka kubingirika juu ya tyubu, na mikanda pekee haiwezi kuuzuia. Vyuma viwili vya pembe vya alumini, vya milimita 40 kwa 40 na unene wa milimita 4, vitoke chini ya ubao hadi uso wa mbele wa ubao wa tezi, kimoja kila upande wa injini. Funga kwa bolti za M8 za chuma kisichoshika kutu, na upande wa pili weka washa pana za milimita 30 ili nati isizame kwenye mbao. Tundu la ubao wa tezi usilitoboe kwa milimita 8. Litoboe kwa 11, lijaze epoksi, subiri ikauke, kisha toboa 8 katikati ya epoksi. Ni kazi ya siku mbili badala ya dakika tano, lakini ubao wa tezi uliotobolewa hivi hivi hunyonya maji na kuoza kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa.

Chini ya ubao, pale unapogusa tyubu, bandika povu gumu la sentimita 1 au vipande vya kitambaa kile kile cha boti. Halafu fungia ubao kwenye pete za tyubu kwa mikanda yenye vifungo vya kukazia, bila kukaza mno. Mchanga ukiingia kati ya ubao na tyubu unafanya kazi ya msasa, basi inua ubao na uoshe kila ukitoka majini.

Mikanda inanikumbusha jambo la upepo. Boti ikijazwa juani hewa ikiwa na nyuzi 35, kisha ikateremshwa kwenye maji ya nyuzi 20, tyubu iliyokuwa na baa 0.25 inashuka hadi karibu baa 0.19. Hiyo ni robo ya shinikizo lote, na hakuna tundu popote. Tyubu inalegea, ubao unaanza kucheza, na mtu anadhani bolti zimelegea. Teremsha boti, ngoja dakika 15, ongeza upepo hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kibao cha mtengenezaji, kisha ndipo ukaze mikanda. Ukiipandisha boti ufukweni kwenye jua, legeza mikanda na upunguze upepo kabla hujaenda zako.

Mkono, uzi na chubwi

Chagua daunriga ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Ya umeme inataka betri nzito, na betri ndani ya boti ya mita 3 inakula nafasi ya mtu. Kitako kiwe cha kuzunguka, ili mkono uweze kukunjwa ndani unapokaribia gati. Unapofanya kazi, kapi liwe angalau sentimita 30 nje ya ukingo wa tyubu, la sivyo chubwi likipandishwa kwenye mawimbi litagonga ubavu. Funga kikamba chembamba chenye kipete kinachoteleza juu ya uzi, ili ulivute chubwi kwako bila kuinama nje. Kuinama ndiko kunakopindua boti nyepesi, hasa mwenzako naye akija upande huo huo kutazama.

Kuhusu uzi, badilisha waya wa chuma uweke uzi uliosukwa wa kilo 90. Waya ukikatika nyuzi chache unatoa visindano, na visindano na tyubu havikai pamoja. Zaidi ya hapo, uzi uliosukwa unakatika kwa kisu, wakati waya unadai koleo. Tia alama za wino au nyuzi za rangi kila mita 5, kwa sababu kihesabu cha daunriga kinahesabu mizunguko tu: gurudumu likiwa halijajaa, kila mzunguko unatoa uzi mfupi kuliko namba inavyodai. Vihesabu vingi pia vinasoma kwa futi, na futi moja ni sentimita 30 tu. Anayesoma 30 akadhani ni mita anavulia kwenye mita 9.

Chubwi la kilo 2 linatosha hadi mita 10 hivi. Kwa mita 20 tumia kilo 3 hadi 4. Zaidi ya kilo 5 sipendi kuona kwenye boti ya ukubwa huu. Liwe limefunikwa kwa plastiki, lisiwe na mapezi makali.

Maji yanalisukuma chubwi nyuma, kwa hiyo urefu wa uzi si kina. Tazama pembe ya uzi pale unapoingia majini. Ukiwa umelala digrii 30 kutoka wima na umetoa mita 20, chubwi liko kama mita 17. Ukilala digrii 45, ni mita 14. Kwa kweli liko chini zaidi kidogo ya hesabu hiyo, kwa sababu uzi haunyooki: umelala zaidi juu na kusimama kadiri unavyokaribia chubwi. Kumbuka hilo unapopita karibu na miamba. Na usitegemee kuliona chubwi kwenye sona, kile chombo kinachoonyesha kilicho chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, kila mara. Sona yenye mwale wa digrii 20 inaona duara la mita 7 tu kwenye kina cha mita 20, yaani mita 3.5 nyuma ya kihisi, na chubwi lililosukumwa nyuma liko nje ya hapo.

Kunasa chini

Hapa ndipo boti za mpira zinapojaa maji. Ubao wa tezi wa injini ya shafti fupi una kimo cha sentimita 38 hivi, na chubwi lililonasa linaushusha huo huo. Breki ya daunriga ikiwa imekazwa kabisa, boti inakuwa imetia nanga kwa nyuma, na wimbi la kwanza linaingia ndani.

Kaza breki kiasi cha kulizuia chubwi lisiteremke lenyewe kwenye mawimbi, halafu livute chini kwa mkono: uzi uteleze bila kukulazimu kutumia nguvu zote. Baina ya uzi na chubwi weka kitanzi cha nailoni ya kilo 40, ili kikikatika upoteze risasi tu na si uzi mzima. Likinasa, toa gia kwanza, kisha fungua breki uzi uende. Zungusha boti kwa mbele, pita juu ya mahali liliponasa na uvute kutoka upande wa pili. Usirudi kinyumenyume: mawimbi yataingia kwa tezi na uzi utaingia kwenye rafadha. Lisipotoka mara ya pili, kata. Kisu chenye ncha butu kifungwe kwenye ubao, mahali ambapo mkono unafika ukiwa umekaa.

Kuvua kwenyewe

Anza na daunriga moja. Mbili kwenye boti hii zinawezekana kwa watu wawili waliozoeana, zikipishana kina kwa mita 3 au zaidi na kona zikikatwa kwa upana. Chubwi la upande wa ndani wa kona huzama zaidi, la nje hupanda.

Toa chambo kwanza, mita 8 hadi 15 nyuma, boti ikiwa inatembea. Bana mshipi kwenye klipu, kisha shusha chubwi polepole kwa breki. Ukiliachia lidondoke, chambo kinazunguka uzi. Likifika, kaza mshipi hadi fimbo ipinde, maana kupinda huko ndiko kunakoondoa ulegevu mshipi unapochomoka. Mshipi uliosukwa huteleza kwenye klipu: uzungushie kiraba kidogo cha pesa na ubane kiraba badala ya mshipi.

Mwendo wa kilomita 3 hadi 4 kwa saa ni mzuri kwa vyambo vingi. Injini ya nguvu farasi 8 kwenye boti nyepesi huvuka hapo hata ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa, kwa hiyo kokota ndoo yenye matundu kutoka pete ya omo, yaani mbele ya boti, kwa kamba fupi isiyofika kwenye rafadha, upande usio na daunriga. Tangi la mafuta lipeleke mbele pia: omo nyepesi inapeperushwa na upepo na boti haishiki njia.

Ukiwa peke yako na samaki amepiga, iache fimbo kwenye kishikio chake, pandisha chubwi, ndipo uishike. Mlete samaki upande wa pili, juu ya turubai nene iliyotandikwa kwenye tyubu, kwa sababu ndoana za chambo kilichoning'inia mdomoni ndizo zinazotoboa kuliko kitu kingine chochote.

Ukirudi, suuza kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi na uilegeze breki kabisa kabla ya kuhifadhi. Ikikaa imekazwa, vitambaa vyake hugandana, na siku utakayohitaji uzi uteleze hautateleza.